Kabla ya Kumkabidhi Mtu Wanovisi

Kuna mazoea katika mashirika yetu ya kitawa ambayo yamenikaa rohoni muda mrefu, na leo nayaandika. Barua za uhamisho zinapotoka, sista mmoja anayesali vizuri, mpole, asiye na ugomvi na mtu, anakuta ameteuliwa kuwa mlezi wa wanovisi, yaani vijana walio kwenye majaribio kabla ya kuweka nadhiri zao za kwanza. Pengine alikuwa mwalimu wa chekechea, pengine muuguzi wa zamu ya usiku. Anafungasha, anapanda basi, anafika nyumba ya malezi jua likizama, na wasichana waliojipanga mlangoni wanamwimbia wimbo wa kumkaribisha, kisha mmoja mmoja wanamwamkia, "Shikamoo Mama." Usiku huo anakabidhiwa funguo za stoo, daftari la matumizi na nakala ya katiba ya shirika. Keshokutwa anatakiwa aanze kufundisha nadhiri ya utii.

Waliomteua hawakumtakia mabaya. Walisali kabla ya kuandika jina lake, sina shaka. Lakini sista hatumpeleki maabara ya hospitali kwa sababu ni mpole, wala hatumpi darasa la kidato cha nne kwa sababu anapenda rozari. Tunamsomesha kwanza, tena kwa gharama kubwa, na tunasubiri miaka. Ikifika kazi ya kukaa na vijana wanaoamua maisha yao mbele ya Mungu, ghafla tunaamini kwamba wema unatosha.

Naandika nikiwa mtawa niliyelea mapostulanti, yaani wanaojiandaa kuingia unovisi, na wanovisi hapa Dodoma, na ninayekutana mara kwa mara na walezi wa mashirika mengine: masista, mabruda, mapadre. Kwa jambo hili Dodoma ina uzito wake. Eneo hili lilikabidhiwa Wapasionisti, wamisionari watawa kutoka Italia, lilipofanywa Prefektura ya Kitume, yaani eneo la kimisionari ambalo bado si jimbo, mwaka 1935. Likawa jimbo mwaka 1953, na mwaka 2014 likapandishwa kuwa Jimbo Kuu, majimbo ya Kondoa na Singida yakiwa ndani ya kanda yake. Tuna shirika letu la kijimbo, Masista wa Mtakatifu Gemma Galgani, na tuna mashirika ya kimataifa yaliyofika kwa nyakati tofauti. Ukitoka mjini kwa barabara ya Arusha kuelekea Veyula, au ukizunguka upande wa Miyuji, unakutana na mabango ya nyumba za kitawa moja baada ya nyingine. Nyingi kati ya nyumba hizo zina vijana ndani, na ndani ya kila nyumba yenye vijana yupo mtu mmoja anayeitwa mlezi, ambaye jioni akifunga mlango wa chumba chake hakuna anayemuuliza ameshindaje.

Kanisa halikuliacha jambo hili mikononi mwa bahati. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 651, inataka mlezi wa wanovisi awe mwanashirika mwenye nadhiri za daima, aliyeteuliwa kihalali. Ikihitajika apewe wasaidizi. Kisha inasema neno ambalo ningependa kila mama mkuu na kila halmashauri ya shirika walisome kwa sauti kabla ya kuandika barua za uhamisho: wanaokabidhiwa malezi ya wanovisi wawe wameandaliwa kwa uangalifu, na wasielemewe na kazi nyingine, ili waitimize kazi yao kwa matunda na bila kuyumbayumba. Maandalizi na nafasi vinakwenda pamoja, na vyote viwili ni sheria. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kulisema hilo katika hati ya Perfectae Caritatis ya tarehe 28 Oktoba 1965: walezi wachaguliwe vizuri na waandaliwe kwa makini. Jambo hili si mtindo mpya kutoka Ulaya. Tumekuwa nalo kwenye maandishi tangu wengi wetu hatujazaliwa.

Sasa njoo uione siku ya mlezi katika nyumba ya kawaida ya Tanzania ya kati. Masifu ya asubuhi, tafakari, Misa. Baada ya chai anafundisha kipindi kimoja. Saa nne fundi wa pampu anafika kwa sababu kisima hakitoi maji, na fundi lazima asimamiwe. Saa sita boza la maji linapiga honi getini, hela haitoshi, anapiga simu kwa mhazini. Kuna kuku wa mayai, kuna shamba la mtama na alizeti, kuna oda ya hostia za parokia tatu, kuna risiti za mwezi zinazosubiri kupelekwa nyumba mama. Mnovisi mmoja amekuwa akimzunguka tangu jana, akitafuta upenyo. "Mama, naomba kuzungumza na wewe." "Sawa mwanangu, ngoja nimalizane na hawa." Hawa wakiisha wanakuja wengine. Usiku baada ya Masifu ya mwisho ni kimya kikuu, na mnovisi anakwenda kulala na neno lake.

Hati ya Roma kuhusu malezi katika mashirika ya kitawa, Potissimum Institutioni ya tarehe 2 Februari 1990, inapozitaja sifa za mlezi haiishii kwenye sala na hekima. Inataka awe na muda wa kutosha na moyo wa kumhudumia kila kijana peke yake, si kundi tu. Halafu kumbuka kwamba unovisi ni mfupi. Kwa kanuni ya 648 ni miezi 12 ili uwe halali, na hauruhusiwi kuvuka miaka miwili. Kila wiki inayoliwa na pampu na kuku haitarudi katika maisha ya binti yule. Ataweka nadhiri zake akiwa amejua kuoka hostia vizuri sana.

Nimewahi kuambiwa, "Sista, wewe unataka walezi wasome saikolojia, zamani hayo yote hayakuwepo na watawa walikuwa imara." Zamani! Mtakatifu Benedikto aliandika Kanuni yake katika karne ya 6, na katika sura ya 58 anaagiza kwamba kijana anayeingia monasterini apewe mzee aliye hodari wa kuzipata roho, amwangalie kwa makini kama kweli anamtafuta Mungu. Kijana asomewe Kanuni baada ya miezi miwili, tena baada ya miezi sita, tena baada ya miezi minne, na kila mara aulizwe kama anaendelea. Huo ni upambanuzi wenye ratiba, na mzee yule amechaguliwa kwa ustadi wake. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda wanaishi chini ya Kanuni hiyo hiyo hapa hapa nchini kwetu. Mababa wa jangwani, watawa wa kale wa Misri, nao walimtuma kijana kwa mzee aliyejulikana kwa kusoma mioyo, na mzee huyo naye alikuwa amelelewa na mzee mwingine kwa miaka. Kwa saikolojia tunachoongeza leo ni vifaa. Hitaji ni la kale.

Mimi nilibahatika kupelekwa Nairobi kwenye kozi ya walezi. Nairobi kwa miaka mingi imekuwa kimbilio la walezi wa Afrika Mashariki. Chuo cha Kikatoliki cha Tangaza, kwa mfano, kina taasisi yake ya maisha ya kiroho na malezi ya kitawa. Wengine hupelekwa Roma, ambako katika Chuo Kikuu cha Gregoriana Mjesuiti Luigi Rulla na wenzake walianzisha Taasisi ya Saikolojia mwaka 1971, wakitaka kuelewa kwa nini mtu mwenye nia njema kabisa anaweza kusema anamtaka Kristo huku mahitaji asiyoyajua yanamvuta upande mwingine.

Niliondoka nikidhani nakwenda kujifunza jinsi ya kuwafahamu wasichana. Sehemu kubwa ya kozi ilinihusu mimi.

Nitaeleza zoezi moja, kwa sababu ndilo lililobeba kozi nzima. Unakaa na mtu anayekubali kukueleza jambo lake, nusu saa hivi, bila kuandika chochote. Akiondoka unaingia chumbani na kuandika kwa kumbukumbu mazungumzo yote, neno kwa neno: yeye alisema hivi, mimi nikasema hivi, hapa akanyamaza, hapa nikabadilisha mkao. Pembeni, kwenye safu ya pili, unaandika ulichokuwa ukihisi wewe wakati ule. Siku ya pili unayasoma mbele ya wenzako na msimamizi, jina la mtu likiwa limefichwa. Msimamizi wetu alikuwa padre mzee wa maneno machache. Mwenzetu mmoja, sista mwenye moyo mkubwa, alisoma mahali ambapo msichana alianza kulia kuhusu baba yake, na yeye akamwambia, "Usilie, Mungu yupo." Padre akauliza taratibu: "Hapo nani alishindwa kuvumilia yale machozi, yeye au wewe?" Darasa zima likatulia. Yule sista alikaa muda mrefu, kisha akasema baba yake mwenyewe alifariki yeye sista akiwa shule ya bweni na hakuruhusiwa kwenda mazishini. Alikuwa mtawa wa nadhiri za daima tangu zamani. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hilo ndilo ninalolitetea. Mlezi ambaye hajawahi kukaa na kilio chake mwenyewe atamnyamazisha kila mnovisi anayelia, tena kwa maneno matakatifu. Aliyelelewa kwa ukali bila kuutafakari atauita ukali huo malezi. Aliyekulia kwenye njaa ya kupendwa atatafuta kupendwa na wanovisi, atakuwa na kipenzi, na jumuiya itapasuka vipande viwili bila yeye kujua chanzo. Haya hayatibiwi na semina ya siku tatu yenye makabrasha. Yanahitaji miezi, mtu wa kukusikiliza wewe, na ukimya.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wa Vita Consecrata wa mwaka 1996, anasema mlezi mkuu wa waliowekwa wakfu ni Mungu Baba mwenyewe, na kwamba katika kazi hiyo anatumia watu, akiwaweka ndugu waliokomaa karibu na wale anaowaita. Aprili 2015, katika Mwaka wa Watawa, walezi kutoka pande nyingi za dunia walikusanyika Roma, na Papa Fransisko akazungumza nao tarehe 11. Nilipoisoma hotuba yake nilifarijika kwamba kuna mtu anaiona kazi hii kuwa nzuri, maana nyumbani mara nyingi huonekana ni adhabu au ni ngazi ya kupanda uongozini.

Kuna mambo ya huku kwetu ambayo kozi ya Nairobi au Roma haiwezi kukupa, ni lazima uyatafute mwenyewe. Msichana wa kijijini Ugogo, au wa Kondoa, au wa Unyaturu, amefundishwa tangu utotoni kutomtazama mkubwa machoni na kutomjibu kwa maneno mengi. Anasema "Ndiyo Mama" kwa kila kitu. Mlezi asiyejua anaandika kwamba ni mtiifu. Inawezekana ni mtiifu kweli. Inawezekana pia ameogopa, au amekasirika, au hajakubali hata neno moja. Heshima ile ni mali ya nyumbani kwao na haifai kuvunjwa. Lakini mlezi lazima atafute namna ya kuufikia moyo ulio nyuma yake, na kwa uzoefu wangu namna hiyo haipatikani ofisini, meza ikiwa katikati. Inapatikana mkipembua mchele pamoja, mkivuna mtama, mkichambua mlenda, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini kwa wote wawili. Nimesikia mambo mazito kabisa ya maisha ya watu juu ya ungo. Na mwenzake aliyetoka Moshi au Bukoba, aliyezoea kusema wazi, asihukumiwe kuwa jeuri kwa sababu tu anauliza "kwa nini".

Halafu kuna njaa. Mvua za huku ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka zikikatika katikati mtama unakauka ukiwa umeshatoa masuke. Mwezi wa pili na wa tatu, kabla ya mavuno, ndiyo miezi migumu vijijini. Siku za simu za nyumbani zikifika, mnovisi anarudi kutoka kupokea simu akiwa kimya. Chakula cha jioni anakigusa tu. Wiki nzima anasinzia kwenye tafakari. Mlezi asiyeandaliwa ataona uvivu wa kiroho na atamwambia aongeze sala. Aliyeandaliwa atakumbuka tarehe, atajua huyu ni mtoto wa kwanza kwao, atajua kwamba kila tonge analokula hapa linamkumbusha wadogo zake. Mazungumzo ya nadhiri ya ufukara yanaanzia hapo hapo: binti ambaye familia yake ilitegemea awe msaada, anafanyaje kumfuata Kristo bila kuwa na kitu cha kutuma nyumbani? Nimekaa na swali hilo na wanovisi wengi, na sijaona kitabu kinacholimaliza.

Niseme kidogo kuhusu ripoti, maana hapo ndipo maandalizi ya mlezi yanapoonekana kwenye karatasi. Unovisi ukikaribia mwisho, mlezi anawaandikia wakuu. Nimepitia majalada ya zamani na nimekutana na sentensi zile zile miaka na miaka: "Ni mtiifu. Anapenda sala. Ana bidii ya kazi." Badilisha jina juu, ripoti inamfaa mwingine. Halmashauri inapiga kura juu ya maisha ya mtu kwa sentensi tatu ambazo hazimwelezi mtu yeyote. Mlezi aliyefundishwa kuangalia ataandika hivi: akikosolewa mbele ya wenzake hununa siku mbili, lakini tangu katikati ya mwaka ameanza kurudi mwenyewe na kusema kilichomuumiza. Mgonjwa akiwepo ndani yeye ndiye wa kwanza kuamka usiku, ila huficha uchovu wake mpaka aanguke. Tunashauri mlezi wa wajuniori, watawa wa nadhiri za muda, aliangalie hilo. Akiwa na wakubwa ni mmoja, akiwa na wadogo ni mwingine, na tumeshazungumza naye kuhusu tofauti hiyo. Ukisoma ripoti ya namna hii unamwona mtu anatembea. Unaweza kumpigia kura kwa dhamiri safi, ya ndiyo au ya bado. Sheria yenyewe inatoa nafasi ya "bado": majaribio yanaweza kuongezwa, si zaidi ya miezi sita.

Kwenye ripoti hiyo pia kuna yasiyoandikwa kamwe. Kanuni ya 630 inawakataza wakuu kumshawishi mwanashirika kwa namna yoyote awafunulie dhamiri yake, na kanuni ya 985 inasema mlezi wa wanovisi asiwaungamishe anaoishi nao nyumba moja, isipokuwa wao wenyewe wakiomba kwa hiari katika hali fulani. Kanisa liliona mbali. Mtu mwenye uwezo wa kukuruhusu au kukuzuia kuweka nadhiri hafai kuwa pia mwenye funguo za dhambi zako. Hata hivyo nimesikia walezi wema wakijisifu kwamba wanovisi wao "hawawafichi kitu". Inaniogopesha. Kijana ana haki ya kuwa na chumba cha ndani ambacho mlezi haingii, na mlezi anayeijua mipaka hiyo anamlinda kijana na anajilinda mwenyewe. Tangu Papa Fransisko alipotoa Vos Estis Lux Mundi, sheria ya kuripoti na kushughulikia unyanyasaji, mwezi Mei 2019, tunazungumza waziwazi zaidi kuhusu unyanyasaji ndani ya Kanisa, ukiwemo ule wa kutumia madaraka juu ya walio chini. Nyumba ya malezi ni mahali ambapo mtu mmoja ana madaraka makubwa juu ya vijana wasio na pa kukimbilia. Kumweka hapo mtu asiyeandaliwa ni hatari, na siwezi kutumia neno jepesi zaidi.

Nimesema maandalizi. Sasa kupyaishwa, ambako tunakusahau hata zaidi.

Mlezi anabeba siri za watu. Mezani wenzake wanapopiga soga hawezi kueleza kilichomwamsha saa nane usiku. Mnovisi anapoondoka, na ana haki ya kuondoka muda wowote, mlezi ndiye anayemsindikiza stendi na begi lake, ndiye anayempigia simu mama yake, ndiye anayerudi nyumbani kuwakuta waliobaki wakimtazama usoni wajue kama na wao wapo salama. Kisha ratiba inaendelea, na jioni hiyo hiyo anafundisha juu ya uaminifu. Wengine jumuiyani wanasema kazi yake ni rahisi kwa kuwa hatoki. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Baada ya miaka kadhaa ya hivyo kitu kinakauka. Nimewaona walezi wenzangu wakifika mahali ambapo wanasali masifu kwa mdomo tu, wanakereka na kicheko cha wanovisi, wanahesabu wiki kufikia likizo. Hawakuwa watu wabaya. Nabii Eliya alipolala chini ya mti akiomba kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, maana safari ilikuwa kubwa mno kwake. Ni baada ya hapo tu ndipo alipofika Horebu. Utaratibu huo, chakula na usingizi kwanza, nauamini kabisa. Mlezi aliyechoka akipelekwa kwenye mafungo moja kwa moja kutoka kwenye shughuli atasinzia siku nne za kwanza, na mafungo yenyewe yameisha.

Kwa hiyo mapumziko ya kupyaishwa yawe marefu. Mafungo ya mwaka yapo kisheria na tunayafanya, asante Mungu. Ninalolizungumzia ni muhula mzima, ikiwezekana mwaka, mlezi akimaliza kipindi chake: awe na mwongozaji wa kiroho asiye wa shirika lake, asome bila mtihani, akae na familia yake kidogo, atibiwe mwili (wengi wetu tuna presha na vidonda vya tumbo tusivyovisema), na anayetaka afanye Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Inyasi ya siku 30. Kanuni ya 661 inawataka watawa waendelee na malezi yao maisha yote, na inawataka wakuu watoe nyenzo na muda. Neno "muda" limo humo, limeandikwa.

Najua jibu linalokuja: fedha hazipo na watu hawatoshi. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Shirika la kijimbo lenye zahanati mbili na shule moja linamtoaje sista mmoja mwaka mzima? Sitaki kulidharau swali hilo, kwa kuwa wanaoliuliza ndio wanaohangaika na mishahara ya walimu mwisho wa mwezi. Lakini tuwe wakweli kwenye hesabu. Tunalipia pia kutomwandaa mlezi. Tunalipa wakati sista wa miaka arobaini anapoacha utawa kwa jambo ambalo lingeonekana akiwa mnovisi. Tunalipa kwenye jumuiya ambayo watu watatu hawasemezani miaka sita. Malipo hayo hayana risiti, kwa hiyo hayasomwi kwenye ripoti ya mhazini.

Na yapo yanayowezekana bila kwenda mbali. Mashirika ya hapa yanaweza kuunganisha wanovisi kwa baadhi ya vipindi, Biblia, liturujia, makuzi ya kibinadamu, ili mlezi asiwe mwalimu wa kila kitu. Walezi wa Dodoma, Kondoa na Singida wanaweza kuwa na siku moja kwa mwezi ya kukutana na msimamizi mmoja mwenye ujuzi, kusoma mazungumzo yao kama tulivyofanya Nairobi, kula pamoja, kurudi nyumbani jioni. Morogoro si mbali, na wapo mapadre na masista waliosomea haya ambao leo wamepewa kazi nyingine kabisa. Wapo hata waliosomeshwa malezi kisha wakapewa ofisi ya ugavi. Barabara ni nzuri, na tangu mwaka 2024 kuna treni ya mwendokasi kati ya Dar es Salaam na Dodoma inayopita Morogoro. Kisingizio cha umbali kimepungua.

Katika shirika letu kuna hatua imepigwa. Sista anayenipokea kazi ya ulezi alijulishwa mapema, akapelekwa masomoni kwanza, na sasa anakaa nami nyumba moja. Anahudhuria vipindi vyangu, nami nahudhuria vyake, na jioni tunazungumza juu ya tulichokiona bila kutaja yale ambayo si ya kutajwa. Kuku na kisima vimehamishiwa kwa mhazini wa nyumba. Ameanza kukaa na wanovisi kwenye ungo wa mchele, na ana subira kunizidi. Kitu ambacho bado hatujakipata ni nauli na posho ya msimamizi wa kila mwezi. Nimeliandika ombi hilo na kulipeleka kwa mama mkuu pamoja na nakala ya kanuni ya 651, na halmashauri inakaa baada ya Pasaka.